Naomba ushauri: pete za vigae nizipangie bei vipi?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni sonara hapa Lamu, kazi nimeirithi kwa babu. Natengeneza pete na vidani vya fedha vyenye kigae cha kaure, vile vipande vya sahani za kale zenye maua ya buluu. Kigae nakisugua kwenye jiwe lenye maji mpaka kikae duara, kisha naukunja ukingo wa fedha juu yake taratibu. Ukikaza mno kinapasuka, na siku nzima imekwenda. Hakuna vigae viwili vinavyofanana. (Sivichimbui magofuni, asije mtu akaniuliza. Ni vya vyombo vilivyovunjika majumbani.)

Sasa mwenye duka mmoja wa Mombasa ameona pete moja, anataka 30 "kama hii hii", na anataka kulipa kwa gramu ya fedha tu. Pete ya gramu 6 inanichukua karibu siku mbili! Nikimtajia ufundi, ananijibu fedha ni fedha. Mke wangu anasema nikubali, karo inangoja.

Wenye uzoefu, nyinyi mnahesabu vipi: uzito, siku za kazi, au vyote? Na arubuni mnachukua nusu au zaidi?

Halafu kuna mteja karudisha pete ya 925 (yaani fedha halisi sehemu 925 kwa kila 1000) imeingia weusi, anadai nimemtilia bati. Nimeisugua mbele ya macho yake ikang'aa, bado haamini. Huyo naye mnamwandikia risiti ya namna gani?