Nimeuziwa Xbox ya dansi isiyoweza kucheza dansi Kariakoo, na sasa naambiwa sebule yangu ndiyo ndogo

Wanajukwaa, salamu. Nimejizuia kuandika uzi huu kwa wiki mbili nikiamini kwamba jambo hili lingemalizwa kiungwana, lakini jana jioni kijana wa dukani amenikatia simu kwa mara ya tatu, na uvumilivu wangu umefika mwisho. Jina la duka sitalitaja, kwa kuwa ninachodai ni fedha zangu, sina haja ya kuchafuana na mtu.

Jumamosi ya kwanza ya likizo ya mwezi wa sita nilikwenda Kariakoo kumnunulia binti yangu wa miaka tisa mchezo wa dansi, na nilikwenda nikijua ninachokitaka. Kwa shangazi yake kuna Wii, mashine ya michezo ya runinga, yenye mchezo wa Just Dance, na mtoto amekwisha kugundua kwamba mchezo ule husoma mkono ulioshika rimoti tu, hivyo hukaa kwenye kochi akila ubuyu huku akipunga mkono wa kulia, akawashinda binamu zake wanaotokwa na jasho katikati ya sebule. Nikaona nimtafutie Dance Central, uliotoka mwaka 2010 pamoja na Kinect yenyewe, ile kamera ya kusoma mwendo wa mwili inayounganishwa na Xbox, mashine nyingine ya michezo. Huko hakuna rimoti ya kudanganyia. Kamera huutazama mwili mzima, na ukikosea mguu, mguu wa yule mchezaji kwenye runinga hugeuka mwekundu mbele ya wageni wote.

Juu ya kaunta palikuwa na Xbox 360 nyeusi, ile nyembamba, imeunganishwa na Kinect, na kijana akacheza wimbo mzima yeye mwenyewe huku wapita njia wakimshangilia. Nikalipa shilingi 420,000. Akapanda stoo, akashuka na boksi lililokwisha kufungwa kwa gundi ya karatasi, na nilipoona kwenye upenyo kwamba mashine iliyomo ni nyeupe na nene, nikamuuliza. Akanijibu, "Mzee, ni ile ile, rangi tu."

Rangi tu! Nyumbani Tabata watoto sita walikuwa wamekwisha kusogeza meza na kuvua ndala. Nikaunganisha runinga, nikawasha, kisha nikampa binti waya wa Kinect auchomeke nyuma. Akajaribu, akaugeuza, akajaribu tena. "Baba, hauingii." Nikainama kwa tochi ya simu nikaona kweli hauingii: kichwa cha waya ule kina umbo lake, na matundu yote ya mashine yalikuwa ya USB ya kawaida. Nikampigia kijana. Ushauri wake, na hapa nanukuu neno kwa neno, ulikuwa, "Ingiza kwa nguvu tu, mzee, ni mpya ndiyo maana inabana." Kitu cha mtumba, kilichoacha kutengenezwa miaka mingi, kinabana kwa sababu ni kipya.

Maelezo ya kweli nilikuja kuyapata kwa fundi mmoja wa Kijitonyama, naye hakuhitaji hata dakika tano. Kinect ina kamera, taa ya infraredi na mota ya kuinua na kushusha kichwa, na vyote hivyo hutaka umeme wa wati 12 hivi, ilhali tundu la kawaida la USB katika mashine zile hutoa wati mbili na nusu. Xbox 360 nyembamba, iliyotoka mwaka 2010, iliwekewa tundu maalumu linalotoa umeme huo. Zile nene za awali hazina, na ndiyo sababu Kinect iliyokusudiwa kutumika nazo huandamana na adapta yake ya kuchomeka ukutani. Kwa hiyo mashine niliyoonyeshwa na mashine niliyouziwa zinatofautiana kwa kitu kile kile hasa nilichokifuata, na mtu anayeziuza kila siku hawezi kuniambia hakulijua hilo.

Niliporudi dukani sikuombwa hata radhi. Adapta ipo, nikaambiwa, shilingi 60,000. Nikainunua (mke wangu bado hajanisamehe), nikarudi nayo Tabata, taa ya Kinect ikawaka, na watoto wakapiga kelele zilizowatoa majirani nje. Kisha tukagundua kwamba mota imekufa. Kichwa cha kamera kimeinamia sakafuni kama mtu aliyefiwa, kinaona miguu tu, na mchezo unaosoma mwili mzima hauwezi kumsoma mtu asiye na kichwa wala mikono. Tuliitegemeza kwa madaftari mawili ya hesabu, ikasoma kwa muda wa nusu wimbo, ikaanguka.

Nilipiga simu tena, na ndipo nikapewa jibu lililonifanya niandike hapa: eti tatizo ni nyumba, sebule za Tabata ni ndogo, Kinect inataka ukumbi. Siku hiyo hiyo nikaazima futi kamba. Kinachohitajika kwa mchezaji mmoja ni mita 1.8 hivi kutoka kwenye kamera, na kwa wawili mita 2.4. Sebule yangu, kochi kubwa likiwa limetolewa barazani, inatoa mita 2.7. Ukumbi ninao, kinachonikosesha dansi ni kamera isiyoinua kichwa.

Nakiri kosa langu moja. Sikudai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikapokea karatasi ya mkono iliyoandikwa kwa mhuri "Mali ikishauzwa hairudishwi", na sasa kijana anaitikisa karatasi hiyo kana kwamba ni Katiba. Lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, na sioni namna ambayo mhuri wa dukani unaweza kuifuta sheria ya nchi. Sipingi mtumba, runinga yangu yenyewe ni ya mtumba na inafanya kazi vizuri, kwa sababu aliyeniuzia alinionyesha ile ile niliyoichukua.

Madai yangu ni shilingi 480,000 zirudi, au nipewe ile mashine nyeusi ya kwenye kaunta pamoja na Kinect yake, ile ile aliyoichezea, si ya stoo. Ijumaa saa nne asubuhi nakwenda dukani na boksi zima, adapta na video niliyorekodi ya kamera ikianguka, na nikikataliwa nitatoka hapo moja kwa moja kwenda Tume ya Ushindani. Mwenye kujua malalamiko ya namna hii huanzia dirisha gani pale, na kama ile karatasi ya mkono itapokewa kuwa ushahidi wa manunuzi, naomba anieleze kabla ya siku hiyo.