Naombeni ushauri: nimemaliza dozi ya H. pylori, tumbo limevurugika na kipimo bado kinasema ninao

MamaWawili (mleta uzi)
Habari za leo wanajamvi. Nasumbuliwa na vidonda vya tumbo muda mrefu, chembe ya moyo inaungua nikikaa na njaa na usiku wa manane. Kituo kimoja hapa Morogoro walinitoboa kidole, wakasema nina H. pylori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo. Nikapewa dozi ya siku 14: omeprazole ya kupunguza asidi, na antibayotiki mbili, amoxicillin na clarithromycin. Nimeimaliza bila kuruka hata kidonge. Kuungua kumepungua sana, namshukuru Mungu. Shida sasa ni tumbo: gesi, kunguruma, choo laini mara kwa mara, hasa nikinywa chai ya maziwa. Damu hakuna, homa hakuna. Nimerudi wakanitoboa tena kidole, majibu yaleyale. Wanataka nirudie dozi, tena kali zaidi. Na kuna jirani ananiuzia unga wa kusafisha utumbo, anasema unatoa bakteria wote. Nifuate lipi? Hela yenyewe ya kubangaiza.

Kibo_Mdogo
Pole dada. Unga achana nao kabisa. Ukiharisha zaidi ndiyo utaambiwa sumu inatoka.

NesiWaZamu
Pole sana mama. Tuanze na kipimo, maana hapo ndipo watu wengi wanapoteza hela. Kile cha kidole hakimtafuti bakteria mwenyewe, kinatafuta kinga ambayo mwili ulitengeneza dhidi yake. Kinga hiyo hubaki kwenye damu miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, wakati bakteria ameshakufa. Kwa hiyo hayo majibu ya pili hayasemi kama dawa imefanya kazi au haikufanya. Omba kipimo cha choo cha H. pylori, au cha kupuliza pumzi kama hospitali ya mkoa wanacho. Subiri angalau wiki 4 tangu umalize antibayotiki. Usikubali dozi ya pili kabla ya hapo.

Ila dozi ya kwanza haikuwa bure. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia ndio walioonyesha miaka ya 1980 kwamba huyu bakteria analeta vidonda, wakapewa Nobel mwaka 2005. Na mwaka 1994 aliwekwa kwenye orodha ya visababishi vya saratani ya tumbo. Wengi wanaishi naye bila kidonda, lakini wewe mwenye dalili ulistahili kutibiwa.

Sasa huko kuharisha. H. pylori anakaa tumboni juu, kwenye tindikali. Chini, kwenye utumbo mpana, kuna matrilioni ya bakteria wengine ambao ni wa kwako. Wanachachusha nyuzinyuzi ambazo wewe huwezi kuzimeng'enya, na asidi wanazotoa ndizo chakula cha ukuta wa utumbo. Wanatengeneza pia vitamini K. Tena wakijaa vizuri, vijidudu vibaya vinakosa nafasi. Antibayotiki haichagui, ni kama kupiga dawa ya magugu ukaunguza na mahindi. Kwa watu wengi hali inatulia yenyewe ndani ya wiki chache.

Ukiona damu kwenye choo, homa, maumivu makali, au unaharisha maji mfululizo, nenda hospitali siku hiyohiyo na uwaambie ulimeza antibayotiki. Kuna bakteria anaitwa Clostridioides difficile anayetumia nafasi hiyo, na anaweza kuua. Usimeze dawa za kufunga choo kwa kujitibu.

Mpwapwa_Juu
Mimi ningemshauri anunue vidonge vya bakteria wazuri famasi, vipo.

NesiWaZamu
Mkuu, vinamsaidia mtu zaidi akivitumia akiwa bado kwenye dozi. Baada ya dozi, utafiti wa Israel wa mwaka 2018 ulikuta waliomeza vile vidonge walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili kuliko walioachwa hivihivi. Na bei yake! Hela hiyo bora ilipie kipimo cha choo.

BintiIringa
Kwetu tumbo likivurugika tunakunywa togwa. Watafiti waliwahi kuwapa watoto wadogo hapahapa Tanzania, wakakuta vijidudu vya kuharisha vimepungua kwenye vinyesi vyao. Chemsha uji wa mtama, uache upoe hadi uvuguvugu, tia kimea, funika hadi kesho. Maji yawe safi na chombo kisafi. Mtindi nao mzuri, tena utauvumilia kuliko hiyo chai ya maziwa, kwa sababu sukari ya maziwa imeshaliwa kiasi.

Halafu rudi kwenye dona, maharage, mlenda, mchicha. Anza kidogokidogo gesi isikutese. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaokula mizizi, ubuyu na asali, walipopimwa walikutwa na bakteria wa aina nyingi kuliko Waitaliano waliolinganishwa nao.

MamaWawili
Asanteni sana, mmenitoa gizani. Omeprazole bado naimeza nikiungua, ina shida kwenye kipimo? Na watoto nao niwapime?

NesiWaZamu
Iache wiki 2 kabla ya kipimo, la sivyo bakteria anaweza asionekane. Ukiungua katikati hapo, muulize mfamasia dawa ya maji ya kupunguza asidi. Watoto kama hawaumwi, usiwapime.