Wazee wa Baraza la Ardhi tunaitwa wa nini kama hukumu imeshachapwa?

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mwalimu mstaafu na ni mzee wa baraza, yaani raia anayekaa na mwenyekiti kusikiliza kesi na kutoa maoni, katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, huku kusini mwa Tanzania. Wilaya siitaji kwa sababu naishi na watu hawa hawa. Nimenyamaza vya kutosha.

Juzi karani katuita mimi na mzee mwenzangu, akatupa karatasi. "Andikeni maoni kwenye lile shauri la shamba, mafupi tu, mwenyekiti anasoma hukumu saa tano." Hukumu yenyewe ilikuwa juu ya meza, imeshachapwa. Nimeiona kwa macho yangu. Tukaambiwa na tarehe tuweke ya nyuma! Nilikataa. Mwenzangu aliandika, na simlaumu: anadai posho ya muda mrefu, aliogopa asiitwe tena.

Kwa wasiojua, sisi hatupo pale kwa hisani ya mtu. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, kifungu cha 23, inasema baraza limetimia likiwa na mwenyekiti na wazee wasiopungua wawili, na wazee watoe maoni KABLA mwenyekiti hajafikia hukumu. Kanuni za 2003 zikaongeza kwamba maoni yawe ya maandishi, na mzee anaruhusiwa kuandika kwa Kiswahili. Kifungu cha 24 kinampa mwenyekiti uhuru wa kutokubaliana nasi. Hapo sina ugomvi, mwanasheria ni yeye. Ila akitukataa aseme sababu. Sasa atasemaje sababu ya kukataa maoni ambayo hakuyasoma?

Mahakama ya Rufani imeshalisema hili, tena si mara moja. Kwenye rufaa namba 287 ya 2017 iliyosikilizwa Mbeya, Halmashauri ya Jiji ikiwa upande mmoja, majaji walisema maoni ya wazee lazima yatolewe wadaawa, yaani wenye kesi, wakiwepo, wayasikie kabla ya hukumu. Mwenendo wa shauri ukafutwa. Mashauri mengine mengi yamefutwa kwa kosa hilo hilo, yakarudi kuanza mwanzo.

Mnajua maana ya kuanza mwanzo? Chukulia mjane aliyemaliza pesa ya korosho kumlipa wakili. Mashahidi wake ni watu wazima walioijua mipaka tangu enzi za vijiji vya ujamaa. Kesi inarudi, nusu yao wameshazikwa. Anaambiwa kumbukumbu hazionyeshi kama wazee waliulizwa maoni. Wazee tulikuwepo! Tulikaa kwenye benchi lile tangu shahidi wa kwanza mpaka wa mwisho. Hatukuulizwa, na anayelipa ni yeye.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi tunaiweza. Mwenyekiti anahamishwa, anatoka mkoa mwingine, anajua vifungu. Sisi ndio tunaokwenda naye kukagua eneo la mgogoro tukaona kwamba minyaa ya mpakani imepandwa juzi tu, kwamba makaburi yale ni ya ukoo wa mlalamikaji na si wa yule anayedai amenunua, kwamba mkorosho aliopanda mtu aliyekaribishwa kulima haumpi ardhi iliyo chini yake. Shahidi akidanganya kuhusu mwaka wa mafuriko, mwenyekiti ataandika tu alichoambiwa. Mimi mwaka ule nilikuwa nafundisha shule ile ile, najua maji yalifika wapi. Ndiyo sababu ya sheria kututaka pale, halafu mtu ananipa karatasi hukumu ikiwa tayari.

Posho sitaki kuizungumza sana, inatia uchungu. Unaamka alfajiri, unapanda bodaboda mpaka barabara kuu, unafika saa mbili, unaambiwa mwenyekiti yuko kikaoni mkoani, shauri limeahirishwa. Nauli imekwenda. Ukiuliza malipo ya vikao vya nyuma jibu ni "fungu halijaingia". Na jioni ukirudi kijijini kuna mdaawa amekaa kibarazani kwako na kilo zake za sukari, "Mwalimu, nimekuja kukusalimia tu." Nimewarudisha wote na vitu vyao. Lakini mzee asiyelipwa, mwenye wajukuu wanaotaka daftari, mnamweka kwenye mtihani huo kwa makusudi? Na akitoa maoni dhidi ya mtu, anakutana naye kisimani, msibani, kila mahali. Mwenyekiti atahama. Sisi tunabaki.

Najua kuna watakaosema wazee waondolewe tu. Kenya waliwafuta washauri wa mahakama, yaani wazee kama sisi, 2007. Hapa kwetu, kwenye kesi za mauaji Mahakama Kuu, tangu marekebisho ya 2022 jaji anaamua mwenyewe kama akae na washauri au la. Kama Bunge linaona hatuna faida, litufute hadharani, tujue moja. Maadamu kifungu cha 23 kipo, tusigeuzwe mhuri wa kuhalalisha kilichokwisha kuamuliwa.

Wazee wenzangu wa wilaya nyingine mliomo humu, kwenu maoni mnaandika lini? Yanasomwa mbele ya wadaawa au yanaishia kwenye faili? Na posho ya mwisho mmepata lini?

Na nyie mawakili, wengi wenu mnaliona kosa hili likitendeka mbele yenu mnakaa kimya, mteja akishindwa ndipo mnalitoa kama sababu ya rufaa. Simameni siku ile ile muulize, "Mheshimiwa, maoni ya wazee yako wapi?" Swali hilo moja likiandikwa kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za shauri, yule mjane harudi mwanzo.