Nimetengeneza gemu la karani wa ofisini, watu wanaliacha siku ya pili. Nimekosea wapi?

KaraniWaUsiku

Wakuu, salaam. Mkitaka kunicheka nichekeni, ila semeni mmechekea wapi, itanisaidia.

Mchana mimi ni karani wa hesabu. Usiku, nyumba ikilala, natengeneza gemu kuhusu karani wa hesabu. Mke wangu huuliza kama kutwa nzima hainitoshi. Sijapata jibu la kumpa.

Gemu lenyewe ni ofisi moja tu, na kompyuta ya kijivu yenye kioo kilichobenuka. Unaingia saa mbili asubuhi, unaandika nywila, unachukua ankara kwenye trei ya kushoto, unailinganisha na hati ya mzigo, unaingiza tarakimu, unagonga muhuri, unaiweka trei ya kulia. Printa ni ile ya sindano, karatasi yake ndefu yenye matobo pembeni. Ikikwama unainuka kuinyoosha. Saa kumi na moja unazima, kesho unarudi. Siku ziko 22, yaani mwezi mmoja wa kazi.

Picha nimechora mwenyewe, pikseli (vile vidoti vya kioo) 320 kwa 200, rangi 16, na madirisha ya kijivu kama ya Windows 95.

Nimewapa watu sita walijaribu. Wanne waliacha siku ya pili. Mmoja alifika ya tano, kumbe alikuwa anaongea na simu huku anabofya. Wa sita ni dada yangu. Kamaliza zote 22, na nikimuuliza anasema "ni zuri" basi, ananiangalia kama kuna kitu namficha.

Wale wanne jibu lao ni moja: linachosha. Nikawajibu kwa mzaha kwamba si ni ofisi! Lakini nikienda kulala lile neno linaniuma.

Sasa nauliza: niongeze vituko? Bosi katili, wizi wa fedha, mzimu kwenye chumba cha mafaili? Au kuna njia ya kuiacha kazi iwe kazi na bado mtu akae kwenye kiti? Vituko sivitaki. Nina miaka kumi na moja kazini na mzimu sijauona.

---

Mzee_Disketi

Kijana, nimelipakua nikacheza siku nne. Kabla ya swali lako nina ugomvi na macho.

Kwanza, umechanganya zama. Windows 95 haikukaa kwenye 320 kwa 200, ilianzia 640 kwa 480. 320 kwa 200 na rangi 16 ni mambo ya DOS, ule mfumo wa zamani wa kuandika amri. Chagua moja, maana mtu aliyekalia mashine hizo atahisi kuna kitu hakikai sawa hata asipojua ni nini.

Pili, ukichagua DOS, kumbuka kile kioo kilikuwa cha uwiano wa 4 kwa 3, kwa hiyo kila pikseli ilisimama, urefu wake mara 1.2 ya upana. Wachoraji walichora duara lililobonyea kidogo ili likifika kwenye kioo liwe duara. Ndiyo maana picha za gemu za zamani ukizifungua leo bila kuzirekebisha, watu wote ni vibonge. Kama hutaki usumbufu huo, chora 320 kwa 180. Zidisha mara sita unapata 1920 kwa 1080 kamili, hakuna pikseli inayokatwa.

Tatu, na hili ndilo naona linagusa swali lako: vitufe vyako havizami. Kitufe cha Windows 95 ni kijivu cha 192, 192, 192, yaani kipimo cha nyekundu, kijani na bluu. Juu na kushoto kina mstari mweupe, chini na kulia mstari wa kijivu kizito. Ukikibonyeza, mistari inabadilishana nafasi na maandishi yanasogea pikseli moja chini na moja kulia. Hakuna kingine, lakini jicho linaapa kitufe kimeingia ndani. Wako unabadilika rangi tu. Muhuri nao nimeugonga kama mara arobaini, haujanijibu hata mara moja. Unatua bila sauti, wino uleule, pembe ileile. Muhuri wa kweli haujawahi kutua sawasawa mara mbili.

Kuhusu mzimu sina maoni.

---

ChezaKwanza

Mkuu, gemu za ofisi na makaratasi zipo na zimependwa, kwa hiyo usikate tamaa.

Angalia Papers, Please ya Lucas Pope, ya 2013. Wewe ni mkaguzi wa pasipoti mpakani, kwenye nchi ya kubuni, mwaka 1982. Kazi ni kulinganisha karatasi na kugonga muhuri, kama yako. Lakini unalipwa krediti 5 kwa kila mtu uliyemshughulikia sawasawa, makosa mawili ya kwanza kwa siku unaonywa, la tatu unakatwa. Jioni unagawa hela hiyo kwa kodi, chakula na joto la nyumba. Na karibu kila asubuhi kuna kanuni mpya. Kanuni ya jana ulishaizoea, ya leo inakuvuruga mikono.

Kingine hakitajwi sana: meza ni ndogo. Karatasi zinalaliana, unatafuta pasipoti chini ya kibali huku saa inakwenda. Yako ni pana mno, kila kitu kimekaa kama dukani. Ipunguze nusu.

Kuna na The Stanley Parable, mwaka huohuo, lakini usiige hiyo. Stanley ni mfanyakazi namba 427, anabonyeza vitufe anavyoamriwa, na gemu linaanza pale amri zinapokoma. Ile ni ofisi isiyo na kazi. Wewe una kazi isiyo na ofisi, ukiniuliza mimi.

Kwa hiyo vituko kidogo weka. Si mzimu, ila mwenzako wa meza ya pili awe na shida zake.

---

mama_wa_faili

Mimi napingana na huyo wa juu kwenye vituko.

Nimeingiza tarakimu kwenye kompyuta miaka kumi na tisa. Watu wanadhani tulikuwa tunakufa kwa uchovu. Kuna siku ilikuwa hivyo, hasa mchana baada ya kula. Lakini mkono wa kulia ukishaijua ile sehemu ya namba, kidole cha kati kinakaa kwenye 5, kuna kadoti kanakuambia upo nyumbani, huangalii tena. Macho kwenye karatasi, mkono unakwenda wenyewe, na rundo la kushoto linashuka unaliona. Nilikuwa na dada mmoja meza ya jirani, tulishindana bila kusema. Nikisikia vidole vyake vinapunguza mwendo, najua amekutana na mwandiko mbaya.

Sasa nikuulize, mwanangu. Ankara zako zina makosa?

Nimecheza siku tatu sijakutana na hata moja. Kila ankara inakubaliana na hati yake. Kwa hiyo nalinganisha nini? Ndiyo maana wanakuacha. Siku ya kwanza mtu anasoma kwa makini, siku ya pili anagundua kwamba makini yake haina faida.

Weka makosa ya kweli. Si ya kuchekesha, yale yenyewe: sita iliyofifia ikawa kama nane, ankara moja kuletwa mara mbili na tarehe tofauti, na mfalme wao wote, tarakimu mbili kubadilishana nafasi. Mtu ana 7,640 yeye anaandika 7,460. Jioni urari, yaani jumla za pande mbili za hesabu, haulingani, tofauti ni 180. Karani mgeni ataanza kupekua ankara zote upya. Karani mzoefu anagawanya tofauti kwa 9 kwanza. Ikigawanyika bila baki, anajua uwezekano mkubwa ni tarakimu zilizopishana, anatafuta za namna hiyo tu. 180 kwa 9 ni 20, haya, twende.

Usimwambie mchezaji siri hiyo. Mpe kalkuleta, mpe urari usiolingana kila jioni, na umwache. Siku ya nane au ya tisa ataiona mwenyewe, na hapo hutaweza kumtoa kwenye kiti.

---

ChezaKwanza

Mama, nimefuta mwenzangu wa meza ya pili. Umenishinda.

Ila ombi moja mkuu: weka kitufe cha bosi. Kile ukibonyeza gemu linajificha unaonekana unafanya kazi. Wes Cherry, aliyeandika Solitaire, lile gemu la karata lililokuja na Windows 3.0 mwaka 1990, amesimulia kwamba alikiweka, kinaonyesha jedwali la uongo, akaambiwa akitoe. Kwenye gemu lako kitakuwa kichekesho: unaficha ofisi ya uongo kwa kuonyesha ofisi nyingine ya uongo.

---

KaraniWaUsiku

Shikamoo mama, shikamoo mzee. Nimechelewa kurudi, nilikuwa nafunga hesabu za mwezi. Wa kweli.

Vitufe sasa vinazama. Nilidhani mzee anatania na pikseli moja, lakini nimekaa dakika kumi nabonyeza "Hifadhi" bila kuhifadhi chochote. Muhuri unatua na pembe tofauti kila mara, na wino unafifia mpaka uuloweshe. Nimekwenda na 640 kwa 480, zama moja. Meza nimeikata. Kitufe cha bosi kipo, F9.

Makosa ndiyo yamenikalisha. Mama, ile hesabu ya 9 naitumia kazini kila wiki na haikunijia hata siku moja niiweke kwenye gemu. Kwenye gemu nilisafisha kila kitu, nadhani kwa sababu kazini sipati siku ambayo kila kitu kinalingana.

Jana nikamwita dada yangu ajaribu toleo jipya. Nikamweleza kwamba sasa kuna makosa ya kutafuta. Akashangaa: "Kwani mwanzo hayakuwepo?" Akaenda chumbani akarudi na daftari. Ameandika kila siku, tarehe moja hadi ishirini na mbili, jumla za ankara upande huu na jumla za kitabu upande ule. Alidhani ndilo lengo la gemu, na alikaa kimya asije akaniharibia jibu.

Siku ya 17 amezungushia duara jekundu. Hati ya mzigo inasema 1,852, ankara inasema 1,825. Tofauti 27.

Hiyo sikuiweka mimi. Ni mkono wangu tu, usiku wa manane, nikiandaa data. Nimelipitia faili, kweli ipo.

Nimeiacha hapohapo. Toleo jipya nalipandisha Ijumaa usiku.