Polisi, Magereza au mgambo wa halmashauri: dogo aende wapi?

Mwana_Uyole
Wakuu ugonile. Naomba ushauri wa haraka. Dogo wangu yupo home hapa Uyole, form four kamaliza, anataka uaskari. Njia ziko tatu: aombe Polisi, aombe Magereza, au kuna jamaa yetu halmashauri anasema aje ashike umgambo kwanza, anaanza hata mwezi ujao. Mzee anataka Magereza eti nyumba ipo, mama anataka asiende mbali. Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa na hela ya kuhangaikia vyeti tunayo ya mara moja tu. Wapi kuna unafuu?

Kamwene_Ipogolo
Kamwene. Umeandika kirefu ila hujasema kitu ndugu. Umri? Division ngapi? JKT kapita? NIDA anayo? Bila hayo tunapiga ramli tu hapa.

Afande Mstaafu
Polisi, sioni cha kubishana. Ila msidhani kazi ni kushika bunduki na kupiga doria. Kazi ya polisi ni KUANDIKA. Mtu anakuja kaunta analia kapigwa, unamsikiliza, unafungua jalada, unampa RB yaani namba ya taarifa yake, unampa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, aende hospitali, unachukua maelezo ya mashahidi, na yote hayo miezi sita baadaye wakili atayashika mkononi akuulize mstari kwa mstari mbele ya hakimu. Na mtuhumiwa una masaa 24 tu umfikishe mahakamani au umpe dhamana. Nimeona vijana wana vifua kama milango ila maelezo ya ukurasa mmoja hawawezi, kesi inakufa. Dogo mwandiko wake ukoje?

Tulia wa Tukuyu
Mzee wenu ana akili, Magereza. Chuo chenyewe kipo hapo Kiwira, mama akitaka kumuona anapanda hiace. Kazi ina ratiba, unahesabu watu asubuhi unahesabu jioni, hesabu ikigoma hakuna anayeenda nyumbani, ikikubali umemaliza. Ila aandae masweta, mwezi wa sita Kiwira unakimbia mchakamchaka alfajiri hata vidole huvisikii.

Kamwene_Ipogolo
Chuo kuwa Kiwira haina maana atapangwa Kiwira dada. Anaweza kupelekwa Kigoma huko.

Zamani_Nilikuwa
Nimesoma neno mgambo nikaacha kula. Nilifanya miaka miwili kwenye mji mmoja huku huku nyanda za juu, siutaji. Nilipata mafunzo ya kwata na mwereka, ila sheria ndogo ninazoenda kusimamia sikuwahi kuonyeshwa hata karatasi yake, tunapakiwa kwenye gari asubuhi tunaambiwa leo tunasafisha barabara basi. Siku moja nikamkamata mama na beseni la maparachichi, akanishika kombati akaniangalia usoni akaniuliza we si mtoto wa fulani, ulinyonya kwangu mama yako alipolazwa. Nikatamani ardhi ipasuke ila kiongozi yuko nyuma yangu anapiga kelele pakia, nikapakia. Risiti hatukumpa maana hazikuwepo. Maparachichi yakawekwa stoo, mama akagoma kulipa faini akataka mahakamani, siku ya kesi hakimu anauliza kielelezo kiko wapi, kielelezo kimeoza! Akaniuliza umemkamata kwa kifungu gani, nikasema kwa kuagizwa. Watu walicheka mpaka nje. Na posho ya miezi mitatu mpaka leo nadai. Mkataba sina, kwa hiyo nadai kwa mdomo.

Afande Mstaafu
Hilo kosa la waliokupeleka. Sheria ndogo zinatungwa na baraza la madiwani kwa mamlaka ya Sura 288, ile sheria ya serikali za mitaa za mijini, mkamataji lazima aijue na aandike alichochukua, kiasi gani, saa ngapi, mwenye mali asaini.

Mzawa wa Chimala
Kenya wao wana askari wa kaunti, kaunti 47 kila moja na wake, zamani wakiitwa kanjo na watu mpaka leo wanawaita hivyo hivyo. Ni kazi za mgambo wetu zile, parking, usafi, vibali vya biashara, tofauti ni kwamba wako kwenye ajira ya kaunti. Binamu yangu yupo Marekani anasema kule kaunti ina sherifu na mara nyingi anachaguliwa kwa KURA, na vijana wake wanapiga doria, wanalinda mahakama, wanapeleka hati za kuitwa shaurini, na gereza la kaunti ni lao pia. Yaani Polisi na Magereza kwenye sare moja.

Tulia wa Tukuyu
Askari wa kupigiwa kura? Hapa si angegawa kanga kwanza.

Mzawa wa Chimala
Ila akizingua unamtoa kwa kura hiyo hiyo.

Kamwene_Ipogolo
Acheni Marekani. Mbona hamna aliyetaja Uhifadhi? Hifadhi ya Ruaha hii hapa, TANAPA wenye hifadhi za taifa nao ni jeshi siku hizi. Kutembea porini siku tano na mzigo, kusoma nyayo, hiyo ndo kazi ya kiume.

Tulia wa Tukuyu
Kazi ya kiume ndo nini? Mdogo wangu wa kike yuko huko porini.

Mwana_Uyole
Samahani nilikuwa mashine ya kusaga. Umri 27, division four ya 31, JKT hajaenda, NIDA namba anayo kadi bado.

Kamwene_Ipogolo
Sasa ungeanza na hilo!! Soma tangazo la kila jeshi kipengele cha umri kabla hujatoa hata mia ya nauli.

Zamani_Nilikuwa
Na dogo mwenyewe anasemaje? Nimesikia mzee, nimesikia mama.

Mwana_Uyole
Hayupo, kaenda Kabwe na bajaji ya watu, akirudi namuuliza.

Zamani_Nilikuwa
Mpigie sasa hivi asiingie Kabwe. Nimetoka huko, mgambo wamejaa leo.