Naomba ushauri: kufundisha kinaya katika hadithi fupi ya ubaguzi wa rangi

Walimu wenzangu wa fasihi hapa Uganda, naombeni ushauri. Darasa la S5 (kidato cha tano) linachambua hadithi fupi ya Afrika Kusini enzi za ubaguzi wa rangi. Takriri na taswira hazisumbui. Kinachogoma ni kinaya (maneno yanasema hivi, maana ni kinyume chake): mwanafunzi anakitaja, ananukuu, kisha anarukia "mwandishi anaonyesha ukatili" bila kueleza dhuluma imejengwaje.

Msimulizi ni polisi. Anaeleza kwa upole anavyokagua pasi (vibali ambavyo Waafrika walilazimika kubeba), na upole huo ndio shutuma yenyewe. Tena Wazungu wana majina, mpishi ni "mpishi" tu hadi mwisho. Wengi humsadiki msimulizi, wakaandika kwamba polisi ni mtu mwema!

Nafikiria kuanza na sheria ya 1952: kwa jina ilifuta pasi, kwa vitendo ikamlazimu kila Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba kitabu cha pasi. Halafu waandike upya aya moja, mpishi akisimulia, ndipo walinganishe.

Je, historia itangulie, au itawapa insha ya historia badala ya uhakiki? Na alama mnazigawaje kati ya kutaja mbinu, kuithibitisha na kueleza athari yake?