Naomba ushauri: yoti ya mtumba ya kuishi mimi na mke wangu, futi 26 au futi 41?

Kihori77:
Wakuu, habari za majukumu. Niko Tanga, kazi zangu ni za uhasibu, nazifanyia kwenye kompyuta popote penye mtandao. Mkataba wa nyumba unaisha mwezi wa tatu. Mimi na mke wangu tumekubaliana (yeye kwa masharti) kwamba badala ya kuhamia nyumba nyingine tununue yoti, tuishi humo, tutembee Pemba, Unguja, Pangani, Mungu akijalia hadi Mafia. Kwenye matanga si mgeni, nimekulia ndani ya ngalawa ya babu. Ila yoti sijawahi kumiliki hata ya kuchora.

Bajeti ni milioni 45 na hakuna nyingine chini ya godoro. Nimepata mbili.

Moja ni Westerly Centaur ya 1976, futi 26, mwili wa faiba, mikuku miwili (yale mapezi mazito ya chini ya tumbo). Iko hapahapa Tanga, anataka dola 9,000. Mashine ilishabadilishwa na inawaka. Matanga yamechoka kama shuka za gesti.

Nyingine iko Kilifi, Kenya, futi 41, milingoti miwili, mwili wa sementi, aliijenga mtu binafsi huko kwao miaka ya 70. Dola 14,000 na mwenyewe anasema bei inazungumzika. Ndani ni nyumba kamili: vyumba viwili, jiko lenye oveni, hadi kabati la vitabu. Mke wangu kuona picha tu akasema "hii ndiyo nyumba". Ile ya futi 26 ameiita stoo.

Masharti yake ni mawili: choo chenye mlango, na asilale akavujiwa. Nishaurini.

PanganiMawe:
Boti ya sementi? Mkuu, hiyo ni boti au tangi la maji?

FundiFaiba:
Usimcheke. Zipo nyingi duniani, na iliyojengwa na mtu makini inakaa miaka na miaka. Ubaya wake ni kwamba nguvu iko kwenye wavu wa chuma ulio ndani ya zege, na huo huuoni. Mkaguzi atagonga, atatafuta michirizi ya kutu, lakini hawezi kukuapia kwamba ndani kuzima. Ndiyo maana kampuni nyingi za bima huzikimbia, na ndiyo maana futi 41 unaipata kwa dola 14,000. Siku ya kuuza ni wewe utakayesema bei inazungumzika.

Halafu kuna hesabu ambayo wewe mhasibu hujaipiga. Chombo kikirefuka mara mbili kwa umbo lilelile, uzito unakaribia mara nane. Gharama zinafuata uzito, hazifuati futi. Nanga, mnyororo, nyaya za milingoti, matanga, rangi ya chini, yote yanapanda. Kwa milioni 45 yako ile kubwa utainunua, ukibaki na milioni kadhaa za kuitunza. Seti moja ya matanga inazimeza.

Kwa vyovyote, tenga theluthi ya bajeti usiiguse. Nyaya zinazoshika mlingoti zikifika miaka 10 hivi zihesabu zimeisha hata kama zinang'aa. Na hiyo Centaur, shuka hadi ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na tochi ukague pale mikuku inapofungwa. Zile za mwanzo zinajulikana kwa faiba kuchoka sehemu hiyo, wengi wameongeza mbavu. Ukikuta nyufa za nywele zinazoizunguka mizizi ya mkuku, niite kabla hujalipa.

MzeeWaMajiMafu:
Mwanangu, kabla ya tochi, karatasi. Mimi nasema kwa kovu. Nilinunua chombo cha futi 38 kwa mgeni aliyekuwa na haraka ya kurudi kwao. Tumepeana mikono, nimelipa, nimefanya na hitima kabisa. Mwezi wa pili naulizwa: ushuru wa forodha ulilipwa lini? Kumbe kiliingia kwa kibali cha muda, kile wanachopewa wasafiri. Akiwa nacho yeye mgeni hakuna neno. Kikishaingia mikononi mwa mkazi, ushuru unaamka. Nilidhani nimenunua chombo, kumbe nimenunua deni la mtu. Kilikaa kwenye boya miezi 14, chaza wameota unene wa kiganja.

Kwa hiyo omba cheti cha usajili, soma jina na nchi, omba mkataba wa mauzo wa aliyemuuzia huyo anayekuuzia wewe, na karatasi ya forodha. Ile ya Kilifi ina milango miwili, mamlaka ya mapato ya Kenya (KRA) pa kutokea na ya kwetu (TRA) pa kuingilia. Hii ya Tanga waulize TASAC, wale wanaosimamia vyombo vya majini, mapema kuhusu usajili, na kama makazi yatakuwa Unguja au Pemba, mamlaka ya bahari ya Zanzibar wana taratibu zao. Usitoe hata shilingi ya kishika bei kabla.

MpakaziDemani:
Naona mnaisifia Centaur kimyakimya. Msimfiche: mikuku miwili mifupi haiendi joshi vizuri, yaani kuukabili upepo. Na mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi huko nje unakimbia hata noti 3 au 4 (maili za baharini kwa saa). Ukitaka kwenda Unguja mwezi wa saba utapiga bisho, huku na huku dhidi ya upepo, asubuhi hadi magharibi, ukigeuka unaona mnara uleule. Safari za kusini ni za kaskazi, mkondo ukiwa umepoa na upepo uko mgongoni.

Ila lile tangi la sementi halitakwenda joshi zaidi ya hapo. Na hii Centaur inashuka chini ya maji sentimita 90 tu. Inaingia mahori ambayo yoti kubwa zinayatazama kwa mbali, na maji yakipwa inasimama yenyewe kwa miguu yake miwili. Huku kwetu siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Unaipweleza mchangani, unakwangua, unapaka rangi, jioni inaelea. Kreni ya kuinua boti humlipi mtu.

BintiRaskazone:
Kaka, naomba niongee na wifi kupitia kwako maana mnazungumza vyuma tu. Tumeishi na mume wangu kwenye futi 30 miaka mitatu. Wifi, nafasi utaizoea, joto la Januari hutalizoea. Kabla ya kitu chochote mnunue turubai kubwa la kufunika sitaha na vyandarua vya kila dirisha, maana ukitia nanga karibu na mikoko magharibi mbu wanakuja na ndugu zao. Maji ya tangi hesabu lita 10 kwa mtu kwa siku, ya kuoga humo humo. Choo: Centaur nyingi zina choo katikati, kati ya sebule na chumba cha mbele, chenye mlango. Sharti la kwanza limepita.

La pili ni hivi. Fungua kila kabati la chini, ingiza kichwa, vuta pumzi. Harufu ya dizeli inaoshwa. Harufu ya godoro bichi ina maana maji yanapita mahali, na muuzaji anajua.

Kihori77:
Wakuu, mrejesho. Jana tumekwenda kuiona Centaur. Mimi nikaanza na mpini wa bisibisi, nagonga sitaha kiganja kwa kiganja kama daktari. Ko, ko, ko, nikaridhika. Ngamani nimelala kifudifudi na tochi, nyufa sijaona, na mbavu za nyongeza zipo.

Mke wangu hakusema kitu. Kachota ndoo ya maji ya bahari, kamwaga sitahani, kachota nyingine, kamwaga, kisha kashuka ndani akajilaza kitandani, macho juu. Muuzaji akacheka. Dakika ya saba tukasikia "njoo". Tone limemwangukia kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Nikapandisha macho: juu yake ndipo linapopita bamba la chuma linaloshika waya wa mlingoti. Muuzaji kicheko kikaisha.

FundiFaiba:
Mpe shemeji mshahara wangu. Chuma cha pua kinajilinda kikiwa na hewa. Kikifunikwa na gundi kuukuu na maji ya chumvi, kinaliwa kimyakimya ndani ya sitaha huku juu kinameta. Fungueni hilo bamba, usikubali kupakwa silikoni.

Kihori77:
Tumelifungua leo, muuzaji akiwepo. Pale linapopita kwenye sitaha lina ufa mweusi, ukucha unaingia. Mengine matano tutayavua kesho kutwa. Ameshuka hadi 7,400 na mabamba mapya yote sita anachonga yeye. Karatasi ya forodha ameniletea, ushuru ulilipwa na mmiliki wa kwanza, nimeipiga picha naipeleka kwa wenyewe waithibitishe kabla sijatoa hela.

Jumamosi ni bamvua, kufika saa nne asubuhi maji yatakuwa yamekauka. Tunaipweleza mchangani tuione mikuku kwa nje. Aliye Tanga na nyundo ya mpira aje, chai na mihogo juu yangu. Kilifi nimewapigia nimewaomba radhi.

Mke wangu anauliza swali moja tu: kabati la vitabu litakaa wapi?

BintiRaskazone:
Kwa mama mkwe, wifi. Vya kwangu viko huko mwaka wa nne.